Usichome Mabua: Muhogo, Magunzi na Plastiki Inayooza

Mara baada ya mavuno, mtu akisimama jioni juu ya kilima chochote hapa Muhuru Bay ataona moshi kila upande. Wakulima wanasafisha mashamba. Mabua ya mahindi na ya mtama, magunzi, maganda ya muhogo, yote hukusanywa pembeni na kutiwa kiberiti. Asubuhi yake akiteremka ufuoni ataona takataka za namna nyingine: vipande vya nailoni na karatasi za plastiki vimenaswa katika matete, na mbuzi wanachakura humo. Takataka zile za kwanza twazichoma, ingawa zingeoza zenyewe. Hizi za pili twaziacha, nazo haziozi.

Mwaka jana wakati wa kiangazi mama mmoja, mkulima wa huku, alifika afisini na karai kichwani, limefunikwa kwa gunia. Hakutaka kuketi. Alifunua gunia akatuonyesha bonge jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye harufu mbaya. Mtamba wake alikuwa ameacha kula, kisha akaacha kucheua, tumbo likafura, na siku ya nne akafa. Walipompasua walilikuta bonge hilo tumboni. Ndani yake mlikuwa na kamba, kipande cha chandarua, na mifuko myeusi ya miche, ile ambayo mtu huichana na kuitupa kando ya shimo mti ukiisha kupandwa. Mifuko hiyo aliitambua. Alikuwa ameinunua mwenyewe, pamoja na miche yake, kwa mwenye kitalu.

"Japuonj," akasema (hapa watu bado huniita mwalimu, ijapokuwa chaki niliiweka chini zamani), "mlituambia tupande miti. Miti nimepanda, na ng'ombe nimemzika. Je, hakuna mfuko unaooza?"

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza kwa wanaojua, na pamoja na kikundi cha akina mama tumejaribu wenyewe juu ya jiko la makaa. Habari hizi ndizo jibu langu kwake, na kwa wakulima wenzake wa Nyatike, wa skimu ya Lambwe, na wa mashamba ya kumwagilia ya Kuja ya Chini. Jibu lenyewe ni hili: mfuko unaooza upo, na mabua tunayochoma yana kazi ndani yake. Lakini yapo mambo ambayo mkulima yafaa ayajue kabla hajaja mtu na lori kununua mabua yake.

Sheria tunayo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku majuala ya plastiki ya kubebea vitu, na adhabu yaweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na jirani zetu wa Tanzania bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini katazo lile la 2017 liliondoa majuala tu. Plastiki nyingine nyingi zingali nasi. Tena juala lililotupwa mwaka 2016 halikuondoka kwa sababu ya sheria. Lipo bado, ama udongoni, ama ziwani, ama ndani ya ng'ombe.

UDONGO NA FITO

Plastiki ni nini? Ni mnyororo mrefu sana wa chembe ndogo zilizoshikana, pete kwa pete. Polithini, ambayo ndiyo juala letu la kawaida, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na chembe zake hutokana na mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Minyororo hiyo ni migeni katika dunia. Vijidudu vya udongoni havina meno ya kuikata upesi, na ndiyo maana juala hudumu.

Lakini mimea nayo hutengeneza minyororo yake, na imekuwa ikifanya hivyo tangu kabla ya binadamu. Wanga wa muhogo ni mnyororo wa sukari. Nyuzi za bua la mahindi, ambazo wataalamu huziita selulosi, ni mnyororo wa sukari hiyo hiyo, ila umefungwa kwa namna nyingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofanya ugali uliwe na mtu, na bua liliwe na ng'ombe peke yake.

Sasa fikiri nyumba ya udongo. Ukikandika udongo mtupu bila fito, ukuta hupasuka ukikauka, na mvua ya kwanza huuangusha. Fito tupu bila udongo hazizuii upepo. Vikiwa pamoja, nyumba husimama. Plastiki ya muhogo ni vivyo hivyo. Wanga ni udongo, nyuzi za mabua ni fito. Wanga peke yake hutoa karatasi iliyo laini lakini yenye kuchanika na kuvunjika. Ukitia nyuzi zilizopondwa vizuri, karatasi hupata nguvu, kwa kuwa wanga na selulosi ni ndugu na hushikana bila kulazimishwa.

Mawazo haya si mapya. Leo Baekeland, mwenyeji wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alipotengeneza mwaka 1907 plastiki ile ngumu iitwayo Bakelite, aliitia unga wa mbao ili isivunjike. Simu nyeusi na vitasa vya umeme vya wakati wa babu zetu vilikuwa na mbao ndani yake, wala mtu asijue.

Na fito za namna hii kwetu hazikosekani. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza kazi mwaka 1979, husaga miwa ya wakulima wa kaunti hii, na kila tani ya miwa huacha makapi mabichi yapatayo kilo 300, ambayo mengi huchomwa kupikia sukari yenyewe. Mpunga wa Kuja ukikobolewa, sehemu moja katika tano ni maganda. Mahindi nayo: uzito wa mabua makavu shambani hukaribia uzito wa nafaka uliyopeleka ghalani. Mkulima aliyevuna magunia 20 ya kilo 90 ameacha shambani mabua ya karibu tani 2.

TULIVYOJARIBU

Tulianza na muhogo, maana huku Muhuru muhogo haukosekani hata mvua ikikataa. Tuliumenya, tukaosha, tukauparuza kwa bati lililotobolewa misumari. Kisha tukaukanda ndani ya maji na kuuchuja kwa kitambaa. Maji yale meupe yakiachwa yatulie kwa saa chache, wanga hukaa chini kama chokaa. Mwaga maji, anika wanga. Muhogo mbichi wa kilo 4 huwa na wanga upatao kilo 1, ingawa kwa mikono hutaupata wote. Kama ni muhogo mchungu, maji ya kuoshea yana sumu. Yamwage ndani ya shimo, mbuzi wasiyanywe.

Nyuzi tulizipata katika maganda ya mahindi na shina la mgomba. Tulikatakata vipande vya urefu wa ukucha, tukachemsha kwa muda wa saa mbili ndani ya maji ya jivu, yale yale yanayolainisha mboga ila makali zaidi, tukasuuza mpaka maji yakatoka safi, tukatwanga katika kinu, tukaanika na kuchekecha. Maji ya jivu yakiwa makali huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali. Kazi ya maji hayo ni kuyeyusha gundi inayoshikanisha nyuzi. Usipoyatumia, bua hubaki bua hata ulitwange siku nzima.

Kipimo chetu kilikuwa hiki. Kwa kila kijiko kikubwa kimoja cha wanga, maji vijiko vikubwa 4, gliserini kijiko kimoja cha chai, na siki kijiko kimoja cha chai. Gliserini ni ile ile inayouzwa katika duka la dawa ya kujipaka wakati wa kiangazi. Hapa huifanya karatasi ikunjike isivunjike. Siki huilegeza minyororo ya wanga ijipange vizuri. Nyuzi ziwe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa wanga. Koroga vyote vikiwa baridi, kisha weka juu ya moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Uji ule mweupe utageuka ghafula uwe mzito na wa kuangaza kama gundi. Hapo utoe motoni, utandaze juu ya bati lililopakwa mafuta kidogo, uweke kivulini siku mbili au tatu.

Karatasi yetu ya kwanza, isiyo na nyuzi, ilipasuka ikiwa bado juu ya bati. Ya pili tulitia nyuzi nyingi kwa tamaa, ikawa kama mkate mkavu. Ya tatu ilikuwa nzuri. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unene wa ngozi ya ngoma ndogo, na akina mama wawili waliivuta huku na huku isichanike. Tulifurahi. Mmoja akafungia maharagwe ndani yake akaiweka rafuni.

Siku ya sita ilikuwa na madoa ya kijani.

NANI ATAKULA KARATASI?

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wataalamu hawaishii kwenye mabua na wanga tu. Karatasi ya wanga ni chakula. Ukungu hauulizi kama wanga umepikwa uwe uji au uwe mfuko. Ukikuta unyevu, hula. Na karatasi inayoota ukungu huambukiza kilichofungwa ndani yake. Ndiyo sababu siku hizi katika vyuo vikuu vingi vya dunia watu wanatafuta plastiki ya mimea iliyo na vitu vitatu pamoja: wanga au kitu mfano wake, nyuzi za takataka za shamba, na dawa ya kuzuia vijidudu.

Dawa hizo ni nyingi, lakini nitataja tatu. Ya kwanza ni mafuta ya karafuu, ambayo Zanzibar na Pemba imeyajua miaka mingi. Mtu aliyeumwa jino anaijua nguvu yake. Kiini chake, yujenoli, hupenya ngozi ya kijidudu na kuitoboa. Ya pili inaitwa kitosani, nayo hutokana na maganda ya kaa na kamba wa baharini. Wavuvi wetu wa omena watashangaa wakisikia kwamba ochong'a, yule uduvi mdogo anayeingia katika nyavu zao na kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, naye ana ganda la namna hiyo hiyo. Kuligeuza ganda liwe kitosani kwahitaji magadi makali sana ya kiwandani tena ya moto, na hiyo si kazi ya jikoni. Mtu asijaribu. Ya tatu ni vumbi laini mno la fedha, ile ya pete, ambalo huua vijidudu vingi kwa kiasi kidogo sana.

Tulichukua karafuu, kwa sababu ndiyo tuliyoweza kuinunua. Matone mawili au matatu kwa kila kijiko cha wanga, yatiwe baada ya sufuria kutoka motoni, maana mafuta hayo hupanda na mvuke, na yakorogwe kwa nguvu kwa kuwa hayapendi maji. Karatasi hiyo ilikaa rafuni karibu na ile ya maharagwe. Wiki tatu baadaye haikuwa na doa. Ilikuwa na harufu tu, na maharagwe yake yakanuka pilau, jambo ambalo baadhi yetu tulilisifu na wengine hawakulipenda.

Mzee mmoja, jaduong' ambaye hufika afisini kusoma gazeti na kubishana, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwasema karatasi itaoza kwa kuwa vijidudu vitaila. Tena mwatia dawa ya kufukuza vijidudu. Basi nani ataila?"

Nakiri kwamba swali hilo liliniweka kimya, na hata sasa naona ndilo swali kubwa kuliko yote katika jambo hili. Nimelitafutia jibu nikaona kwamba dawa zile tatu hazilingani. Mafuta ya karafuu huruka kidogo kidogo hewani. Baada ya miezi hubaki machache, na udongo wenye uhai una vijidudu vya namna nyingi sana, vingine hula hata yujenoli yenyewe. Kitosani nacho hatimaye huliwa udongoni, kwa kuwa kimetoka katika mnyama. Lakini fedha hailiwi na kitu. Karatasi ikioza, fedha hubaki shambani. Kwa hiyo kwa maoni yangu mkulima akipewa mfuko wa miche wenye dawa ya fedha afadhali aukatae, hata kama ni wa bure. Katika hospitali, kufungia kidonda, hiyo ni habari nyingine.

Ili tusibishane kwa maneno, tulikata vipande vya upana wa vidole vitatu tukavifukia kina cha shubiri moja nyuma ya ghala, na kipande cha juala jeusi kando yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wiki ya tatu tulipofukua, kipande kisicho na karafuu kilikuwa kimekwisha; tuliona nyuzi chache tu na minyoo. Chenye karafuu kilikuwa bado kipo lakini kimelegea, kikakatika tulipokigusa. Wiki ya saba hakikuonekana. Juala tuliliosha, likang'aa. Mzee hakusema kitu, ila alilichukua lile juala akalitazama jua kwa kupitia ndani yake.

Neno moja la kuonya hapa. Karatasi yenye karafuu haiponyi chakula kilichokwisha haribika. Mahindi yaliyofungwa yakiwa na unyevu yataota ukungu ndani ya mfuko wowote, na sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haitoki kwa dawa ya mfuko wala kwa kupika. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na 125 wakafa. Anika kwanza mpaka unyevu ushuke usizidi asilimia 13, ndipo ufikirie mfuko.

MFUKO WA MICHE

Sasa narudi kwa mama wa mtamba, kwa kuwa yeye hakuuliza juu ya maharagwe. Aliuliza mfuko wa miche.

Tulimshonea mifuko kumi ya karatasi yetu bora, tukatia udongo na mbegu. Kwa kumwagiliwa maji kila siku mifuko ililainika siku ya nne, na siku ya nane udongo ulikuwa umelala chini kama uji uliomwagika. Wanga hupenda maji mno. Mche wa mti hukaa kitaluni miezi mitatu, minne, hata zaidi. Karatasi ya jikoni hailiwezi jambo hilo, na sitaki msomaji apoteze muhogo wake kama sisi. Yafaa kwa kufungia vitu vikavu, dengu, karanga, mbegu za kupanda msimu ujao. Kwa miche, mama huyo sasa anatumia maganda makavu ya shina la mgomba, yaliyokunjwa kama kikombe na kufungwa kwa kamba yake, kama walivyofanya wazee. Hupandwa pamoja na mche. Hayagharimu kitu.

Lakini viwandani jambo hili limewezekana. Joseph Nguthiru, alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Egerton, alikwama na wenzake ndani ya mashua katika Ziwa Naivasha, gugu maji limewazingira pande zote. Baadaye akaanzisha kampuni iitwayo HyaPak. Gugu maji hukaushwa, husagwa, huchanganywa na vitu vya kushikanisha, kisha hushindiliwa liwe vifungashio na mifuko ya miche. Mfuko huingia ardhini na mche wake, ukaoza na kuwa mbolea. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimpa heshima ya kuwa mmoja wa vijana mashujaa wa dunia.

Habari hiyo yatuhusu sisi wa ziwa hili kuliko mtu mwingine. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na mvuvi yeyote wa Homa Bay atakueleza siku alizoshindwa kutoa mashua. Kama gugu hilo laweza kuwa mfuko, basi gunzi na makapi ya miwa, ambayo yamekauka tayari na hayahitaji kuvuliwa, yaweza pia. Kikwazo ni usafirishaji. Mabua ni mzigo mkubwa usio na uzito. Lori hujaa kabla halijawa zito, na mafuta ya lori ni yale yale. Kutoka Muhuru mpaka Naivasha ni mbali mno kwa mzigo wa namna hiyo. Faida itapatikana tu mahali ambapo takataka zinasagwa karibu na mashamba na kuondoka zikiwa unga au nyuzi, na kazi hiyo ni ya chama cha ushirika, si ya mtu mmoja mwenye kinu kimoja.

Jihadhari pia na mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza. Iko plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjikevunjike juani. Hiyo haiozi, bali inakuwa vipande vidogo visivyookoteka, ambavyo ni vibaya kuliko juala zima. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu Julai 2021. Iko nyingine iliyotokana kweli na mahindi, lakini huhitaji joto la nyuzi kama 60, ambalo hupatikana katika viwanda vya mboji, si katika shimo la takataka la nyumbani. Njia nyepesi ya kujua ni kukata kipande na kukishika kwa koleo penye moto, nje ya nyumba. Polithini hunuka mshumaa na hudondosha matone. Karatasi ya wanga hunuka mkate uliounguzwa na huacha mkaa.

MTU WA LORI

Mwezi uliopita mtu alipita barabara ya huku akiuliza wakulima kama wangemwuzia mabua yote ya shamba, yang'olewe na mizizi. Hakusema ni ya kazi gani. Huenda ni ya kulisha ng'ombe, huenda ni ya kiwanda. Si kosa kununua mabua. Lakini bei aliyotaja ilinifanya nichukue kalamu.

Tani moja ya mabua makavu ya mahindi ina naitrojeni ya kilo 6 hadi 8. Gunia la CAN la kilo 50 lina kilo 13. Kwa hiyo tani 2 za mabua, zile za mkulima wetu wa magunia 20, ni kama gunia moja la CAN, na juu yake potashi nyingi ambayo CAN haina, na uhai wa udongo ambao hauuzwi dukani. Uliza bei ya CAN siku hiyo, na mtu wa lori akitaja chini ya hapo, ujue unamlipa wewe achukue mbolea yako. Nasi tunaochoma tusicheke. Moshi huondoka na karibu naitrojeni yote, ikabaki potashi ndani ya jivu.

Maoni yangu ni kwamba yauzwe kwanza yale yasiyo na kazi shambani. Magunzi, ambayo hayana rutuba nyingi nayo yamekwisha rundikana pale penye kupukuchulia. Maganda ya mpunga kule Kuja, ambayo huoza polepole kwa sababu ya mchanga laini uliomo ndani yake. Maganda ya muhogo, yakiwa yamekauka. Mabua yabaki, angalau nusu yake, yakilazwa kati ya mistari au yakiingizwa katika shimo la mboji. Na chochote kitakachouzwa kiwe kikavu na safi, kisichochanganyika na udongo wala vipande vya nailoni, kwa kuwa mnunuzi wa nyuzi hupima usafi kwanza na uzito baadaye.

Vipande vingine sita tumevifukia nyuma ya ghala mwanzoni mwa mwezi huu, vitatu vya nyuzi za magunzi na vitatu vya makapi ya miwa, kila kimoja kina kijiti na namba. Vitafukuliwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi. Mzee amesema atakuja. Atakaye kuona, aje na jembe, maana letu limevunjika mpini.